Nani alipe mazuti ya jenereta? Ugumu wa kugawa gharama za pamoja kati ya fakulte za vyuo vikuu

Katika vyuo vikuu vya mashariki mwa Kongo, ugomvi unaodumu zaidi kati ya fakulte mara nyingi hauhusu mitihani wala vyeo. Unahusu mambo yanayoonekana madogo: mazuti ya jenereta, mshahara wa walinzi wa usiku, intaneti, bili ya SNEL na ile ya REGIDESO, karatasi za ofisi ya rekta, gari la chuo linalohitaji magurudumu mapya. Ni gharama ambazo kila fakulte inafaidika nazo, lakini ukiuliza ni za nani, kila doyeni anamwonyesha jirani yake kidole.

Mzazi anayelipia mtoto masomo huko Goma, Bukavu, Butembo, Bunia au Uvira anaweza kufikiri kwamba hayo ni mambo ya maprofesa na wahasibu. Sivyo. Katika vyuo vya serikali, serikali inalipa mishahara ya wale walio mekanize, yaani walioandikwa kwenye orodha ya malipo ya Kinshasa. Pesa za kuendesha chuo chenyewe huchelewa, na mara nyingine hazifiki. Kinachobaki ni pesa za masomo. Kutoka humo zinapatikana primu za ndani, malipo ya wafanyakazi wasio mekanize, rangi ya kuta, dawa za labo na hayo mazuti. Kwa vyuo vya watu binafsi na vya makanisa ni hivyo hivyo, ila wao hawana hata ile mishahara ya serikali. Kwa hiyo, kila mara chuo kinapoamua namna ya kugawa gharama za pamoja, kinaamua pia ni mwanafunzi gani ambaye pesa yake itarudi darasani kwake, na ni yupi ambaye pesa yake itamsaidia mwenzake wa fakulte nyingine.

Na jambo la pesa za masomo halichezewi. Mwezi wa kwanza mwaka 2020, kwenye Chuo Kikuu cha Kinshasa, kupanda kwa pesa hizo kulileta fujo ambamo polisi aliuawa. Masomo yalisimamishwa na wanafunzi wakaamriwa kutoka kwenye mabweni. Chuo kisichoweza kueleza pesa inakwenda wapi, siku ya kuomba nyongeza hakina la kumwambia mwanafunzi.

Tuchukue mfano. Ni wa kutunga, lakini yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la chuo ataona kwamba hauko mbali na anayoyajua. Chuo kina fakulte tatu. Sheria ina wanafunzi 1800, madaktari 900, kilimo 300. Gharama za pamoja kwa mwaka ni dola 60 000. Sheria inaingiza dola 360 000 za masomo, madaktari nao 360 000 kwa sababu kila mmoja wao analipa zaidi, kilimo 80 000. Kwa upande wa majengo, sheria inatumia mita za mraba 1000 tu, maana kumbi mbili kubwa zinawatosha. Madaktari wanatumia 2500 na kilimo 1500, kwa ajili ya labo na maghala.

Ukigawa kwa idadi ya wanafunzi, kila kichwa kinabeba dola 20. Sheria inalipa 36 000, madaktari 18 000, kilimo 6000. Ukigawa kwa ukubwa wa majengo, kila mita inabeba dola 12, na hesabu inapinduka: sheria 12 000, madaktari 30 000, kilimo 18 000. Ukigawa kwa mapato, sheria na madaktari wanalipa 27 000 kila mmoja, kilimo 6000.

Chuo ni kile kile, jenereta ni ile ile, walinzi ni wale wale. Lakini sheria inaweza kulipa 12 000 au 36 000, kutegemea nani aliandika kanuni. Kilimo nacho kinaweza kulipa 6000 au mara tatu yake. Ndiyo maana kwenye vikao vya bajeti kila doyeni anafika na kipimo chake mfukoni, akikiita haki. Wa sheria anasema tulipe kwa mita. Wa kilimo anasema tulipe kwa vichwa. Hakuna anayedanganya. Kila mmoja ameshika kipande cha ukweli, kile kinachompunguzia mzigo.

Hapo ndipo wengi wanakata tamaa na kumwachia msimamizi wa bajeti aamue peke yake ofisini. Naona hilo ndilo kosa kubwa kuliko kuchagua kipimo kibaya. Kipimo kibaya kilichoandikwa na kujulikana kinaweza kubishaniwa na kurekebishwa mwaka unaofuata. Mgawanyo unaofanywa kimya kimya, fakulte moja ikikatwa mwezi huu kwa sababu ndiyo iliyokuwa na pesa benki siku hiyo, hauna mahali pa kuushika. Na katika vyuo vyetu hiyo ndiyo kanuni ya kweli mara nyingi: anayelipa ni yule aliyekutwa na pesa.

Tatizo hili si la Kongo peke yake. Wamarekani walikutana nalo kwenye mabwawa ya umeme kabla ya kukutana nalo kwenye vyuo. Mwaka 1933 waliunda shirika la bonde la mto Tennessee, ambalo mabwawa yake yalikuwa na kazi tatu kwa pamoja: kutoa umeme, kuzuia mafuriko na kufanya mto upitike na meli. Ukuta wa bwawa ni mmoja. Ni kiasi gani cha saruji ni cha umeme, na kiasi gani ni cha meli? Hakuna injinia anayeweza kujibu, kwa sababu swali lenyewe halina jibu la kiinjinia. Wataalamu wao walitafuta mipaka ambamo kila jibu linaweza kukubalika. Mtumiaji asilipe zaidi ya gharama ambayo angebeba kama angejijengea lake peke yake. Na asilipe chini ya gharama anayoiongeza kwa kuwemo kwake. Kati ya mipaka hiyo miwili, watu wakae wapatane.

Wakaaji wa Bukavu na Uvira wanaweza kulielewa hilo haraka, maana umeme wa Ruzizi II unatoka kwenye kituo ambacho Kongo, Rwanda na Burundi wanakimiliki pamoja kupitia shirika la SINELAC. Mataifa matatu ambayo siasa yao inajulikana, na bado yanagawana maji ya mto mmoja. Fakulte tatu za chuo kimoja hazina sababu ya kushindwa.

Turudi kwenye mfano wetu na mipaka hiyo. Tuseme kilimo, kikijitegemea na jenereta ndogo, walinzi wake wawili na apariteri wake, kingetumia dola 14 000 kwa mwaka. Basi kukitoza 18 000 kwa kipimo cha mita ni kukifukuza: kwa kukaa na wenzake kinapata hasara. Vivyo hivyo, sheria ikitozwa 36 000 inaweza kuanza kuuliza kwa nini isikodi ukumbi mjini. Vipimo viwili kati ya vitatu tayari vina hatari, na tumeona hilo bila kubishana sana.

Njia ambayo vyuo vingi vyenye uzoefu vimeifuata ni kuacha kutafuta kipimo kimoja kwa gharama zote. Gharama zinawekwa kwenye vikapu, na kila kikapu kinapewa kipimo chake. Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, kinaendesha mfumo wa namna hii tangu karibu mwaka 2007: gharama za majengo zinafuata nafasi inayotumiwa, na gharama zinazotokana na wanafunzi zinafuata idadi yao. Marekani vyuo kama Pennsylvania na Indiana vilianza zamani zaidi kuzipa fakulte mapato yao na kuzitoza gharama zao.

Tufanye hivyo kwa mfano wetu. Walinzi, usafi, mapaa na umeme wa majengo: dola 24 000, tugawe kwa mita. Apariteri, maktaba na intaneti: 21 000, tugawe kwa vichwa. Ofisi ya rekta na safari za kikazi: 15 000, tugawe kwa mapato. Sheria inafikia 24 150, madaktari 25 050, kilimo 10 800. Kilimo kiko chini ya ile 14 000 yake, na hakuna tena anayebeba mara tatu ya mwenzake bila sababu inayoonekana.

Lakini tusishangilie haraka. Sheria hapo inatoa karibu asilimia 7 ya mapato yake, madaktari vile vile, na kilimo asilimia 13,5. Kwa kila mwanafunzi wa kilimo, chuo kinatumia dola 36 za gharama za pamoja; kwa mwanafunzi wa sheria, dola 13 na kitu. Hesabu ni sahihi, na bado inaweza kukiua kilimo polepole. Je, tunaweza kuishi bila kilimo katika nchi hii inayoagiza mchele na samaki kutoka nje? Hakuna kipimo cha mita au cha vichwa kinachojibu swali hilo. Ni uamuzi wa siasa ya chuo, na unapaswa kufanywa kwa jina lake.

Toronto walilitatua kwa namna iliyo wazi. Asilimia 10 ya mapato ya kila fakulte inaingia kwenye mfuko wa chuo kizima kabla ya mengine, kisha uongozi unaugawa kulingana na malengo ya chuo. Mwanzoni mfuko huo ulitumiwa ili fakulte yoyote isijikute imepoteza pesa ghafla kwa sababu tu ya kubadili hesabu. Ninachokipenda hapo ni utengano. Gharama zinagawanywa kwa matumizi. Msaada unatolewa kwa jina la msaada. Kwetu vitu hivi viwili vimechanganywa. Fakulte dogo inasaidiwa kwa kutokatwa, fakulte kubwa inasaidia bila kujua kiasi, na kila mmoja anabaki akiamini kwamba ameibiwa.

Kuna jambo jingine ambalo mfumo wa LMD umelifanya liwe zito: masomo ambayo fakulte moja inafundisha wanafunzi wa nyingine. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari anasoma fizikia, kemia na biolojia, mara nyingi kwa walimu wa fakulte ya sayansi. Anaandikwa kwa madaktari, pesa yake inahesabiwa kwa madaktari, lakini labo inayochakaa ni ya sayansi. Ukihesabu vichwa peke yake, sayansi inaonekana fakulte tupu inayokula pesa za wengine, wakati inabeba nusu ya chuo mgongoni. Indiana wao walihesabu saa za masomo zinazofundishwa, si majina yaliyoandikwa. Kwa kuwa LMD inatulazimisha kuhesabu kredi za kila somo, takwimu hizo tayari zipo ofisini. Kinachokosekana ni mtu wa kuzileta kwenye kikao cha bajeti.

Mfumo huo nao una ugonjwa wake, na Wamarekani wanaujua. Fakulte ikishagundua kwamba pesa inafuata saa za masomo, inaanza kujifundishia kila kitu ili pesa isitoke nje. Mainjinia wanafungua somo lao la hesabu, wachumi wanafungua lao la takwimu, na chuo kinalipa walimu watatu kwa kazi ya mmoja. Baraza la chuo lisipokuwa na nguvu ya kukataa masomo ya kurudia, dawa inakuwa mbaya kuliko ugonjwa.

Halafu kuna miradi ya wafadhili, ambayo watu hawapendi kuigusa. Profesa anapata mradi wa utafiti wa mpox, wa volkeno au wa migogoro ya ardhi. Chuo kinafurahi, picha zinapigwa. Mradi unaleta mashine, na mashine inahitaji umeme usiku na mchana, mlinzi, chumba, mhasibu wa kuandika ripoti. Mfadhili analipa mashine na posho. Hayo mengine analipa nani?

Marekani vita juu ya swali hili vilifika mahakamani. Tarehe 7 mwezi wa pili 2025, NIH, taasisi yao kubwa ya utafiti wa afya, ilitangaza kwamba itawalipa vyuo asilimia 15 tu kwa gharama za pamoja juu ya pesa za utafiti wenyewe. Kabla ya hapo wastani ulikuwa karibu asilimia 27 au 28, na vyuo vingine vikubwa vilipita asilimia 60. Katika mwaka 2023, kati ya dola kama bilioni 35 zilizotolewa, karibu bilioni 9 zilikwenda kwenye gharama hizo. Vyuo vilipiga kelele kwamba labo zitafungwa, na hakimu wa Boston akazuia uamuzi huo. Lakini msomaji wa Kongo aangalie kitu kimoja: kwa taasisi zilizo nje ya Marekani, NIH hiyo hiyo kwa miaka mingi iliweka kikomo cha asilimia 8. Harvard wanasema 15 itawaua. Vyuo vya Afrika vinapewa 8 na vinasema asante.

Tofauti hiyo haipotei hewani. Inalipwa na mtu, na katika chuo kinachoishi kwa pesa za masomo, mtu huyo ni mwanafunzi. Mtoto wa mama anayeuza ndizi Kadutu anaweza kuwa anachangia umeme wa friji ya utafiti uliofadhiliwa kutoka Ulaya. Bila kuulaumu utafiti, maana tunauhitaji, chuo kinapaswa kuuhesabu mradi kama mtumiaji mwingine: una mita zake, una walinzi wake, ulipe. Na profesa anayeandika bajeti ya mradi aandike gharama hizo kwenye mistari ya matumizi ya moja kwa moja, umeme kwa jina lake na ulinzi kwa jina lake, pale kanuni za mfadhili zinaporuhusu.

Yote haya yalikuwa magumu katika wakati wa amani. Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, hesabu imebadilika kabisa. Benki zilifungwa, familia zilihama, wengine walipoteza kazi zilizokuwa zinalipa masomo ya watoto. Hapa kuna jambo la hesabu ambalo viongozi wa vyuo wanapaswa kuliona mapema. Wanafunzi wanaweza kupungua kwa wiki moja. Gharama za pamoja hazipungui hivyo. Mlinzi ni yule yule uwe na wanafunzi 3000 au 2000. Na wakati wa vita pengine unahitaji walinzi zaidi.

Katika mfano wetu, wanafunzi wakishuka hadi 2000, ile dola 20 kwa kichwa inakuwa 30. Ukiwaongezea waliobaki, baadhi yao wataondoka nao, na waliobaki watabeba 40. Ni kama paa la nyumba linaloshikiliwa na watu: kila anayeondoka anawafanya wengine wachoke haraka zaidi. Fakulte ya kwanza kuanguka haitakuwa ile isiyofaa, itakuwa ile ambayo wanafunzi wake walitoka vijiji vilivyo karibu na mapigano. Kilimo, kwa mfano.

Kwa hiyo katika miji hii miwili, kutoza kwa vichwa vya mwaka huu ni hatari. Ni afadhali kutumia wastani wa miaka mitatu iliyopita, ili fakulte iliyopoteza wanafunzi ghafla isihesabiwe kama iliyokufa, na ile iliyopokea wahamaji isibebeshwe mzigo wa mwaka mmoja. Na ni afadhali kupunguza kikapu chenyewe kabla ya kubishana namna ya kukigawa. Kikapu cha ofisi ya rekta ndicho kinachoota haraka kuliko vyote, kwa sababu wanaokitumia ndio wanaokiandika. Katika kila mfumo niliotaja, Kanada au Marekani, malalamiko ya madoyeni yanafanana: tunapimwa kila mwaka, ila anayetupima hapimwi. Walichofanya baadhi yao ni kuwaweka madoyeni kwenye kamati inayochunguza bajeti ya ofisi za juu, mstari kwa mstari, kabla haijapitishwa.

Kwetu muundo upo. Kila chuo cha serikali kina baraza la chuo ambamo madoyeni wanakaa, na kina msimamizi wa bajeti ndani ya kamati ya uongozi. Karatasi moja ingetosha kuanza: upande mmoja gharama za pamoja za mwaka uliopita, kikapu kwa kikapu, upande wa pili kipimo kilichotumiwa na kiasi ambacho kila fakulte ilibeba. Ibandikwe pale apariteri anapobandika matokeo ya mitihani, mahali ambapo kila mwanafunzi anapita. Madoyeni wataanza kugombana siku hiyo hiyo, safari hii wakiwa na tarakimu mbele yao, na mwanafunzi aliyelipa ataweza kusoma wanagombania nini.